Kelele za Duma kwenye masikio ya Butembo

Mwezi wa Agosti 2020, wiki chache baada ya serikali ya Kongo kutangaza kwamba Ebola imekwisha Beni na Butembo, kampuni ndogo ya muziki ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes ilitoa albamu ambayo karibu hakuna mtu wa Kivu Kaskazini aliyeisikia. Ilibeba jina la kundi lililoipiga: Duma. Waandishi wa muziki wa Ulaya na Marekani waliishangilia. Huku kwetu, tarehe 25 Juni ya mwaka huo, tulikuwa tumesomewa hesabu ya mwisho ya ugonjwa: watu 3,470 waliambukizwa, 2,287 wakafa. Masikio yetu yalikuwa na kazi nyingine.

Nimeirudia albamu hiyo sasa kwa sababu mbili. Moja ni tarehe zake, ambazo zimefungamana na zetu kwa namna ambayo wapigaji wenyewe pengine hawakuifikiria. Ya pili ni mwimbaji wa Beni ambaye silaha yake haikuwa kelele, ambaye kila ninaposikiliza Duma ananijia kichwani. Nitafika kwake.

Duma ilirekodiwa Kampala katikati ya mwaka 2019. Kutoka Kampala kuja Butembo unapita Kasese, unavuka mpaka Mpondwe na Kasindi, unaingia Beni, kisha unapanda milima. Ni njia ya vitambaa, sabuni, pikipiki na vipuri, na wafanyabiashara wa Butembo wanaijua hata kwa macho yaliyofumbwa. Juni mwaka huo Ebola nayo ilipita hapohapo, ikavuka hadi Kasese. Miezi miwili kabla, tarehe 19 Aprili, watu wenye silaha walikuwa wamemuua daktari Richard Mouzoko, raia wa Cameroon, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben hapa Butembo. Tarehe 17 Julai, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba janga letu ni dharura ya dunia nzima. Butembo ya siku zile ilikuwa mji wa ndoo za klorini mlangoni, wa kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso katika kila kizuizi, na wa maziko ambayo ndugu wa marehemu waliyatazama kwa mbali huku wageni waliovaa mavazi ya kujikinga wakishusha jeneza. Upande wa pili wa Ruwenzori, vijana wawili wa Nairobi walikuwa wamejifungia studio wakitengeneza muziki wa giza.

Vijana hao ni Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, ambaye ndiye sauti, na Sam Karugu, ambaye ndiye gitaa na mashine. Wote wametokea katika ulingo mdogo wa roki nzito wa Nairobi, kwenye makundi kama Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Na msomaji asidhani jina la kundi linamhusu yule mnyama mwenye mbio: ni Kikuyu, na maana yake ni giza.

Niseme mapema kwamba wapenzi wa asili wa muziki huu watabisha nikiiweka Duma kwenye rafu ya ule uitwao metali nyeusi. Watasema ni panki, watasema ni kelele za viwandani, watasema ni muziki wa dansi uliopagawa. Wana haki. Lakini sauti ya Khanja imetoka moja kwa moja kwenye metali nyeusi, na hata tabia ya albamu ya kutokubali kutulia ndani ya mdundo mmoja inatoka kwenye tawi la muziki huo linalopenda majaribio, lile ambalo Wanorwe wa kundi la Emperor na la Enslaved walilikuza walipochoka kupiga mbio tupu.

Kwa asiyejua, metali nyeusi ilikomaa Norwe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gitaa linakwaruzwa haraka bila kupumzika, ngoma zinamwagwa kama mvua ya mawe juu ya bati, na mwimbaji hapaki sauti yake mafuta: anaikwangua kooni hadi ikose noti. Kilichoutangaza duniani, hata hivyo, ni uhalifu. Mwaka 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketezwa kwa moto, na makanisa mengine yakafuata. Mwaka 1993 Euronymous, mpiga gitaa wa kundi la Mayhem, aliuawa kwa kisu na mwanamuziki mwenzake, Varg Vikernes. Tangu hapo kila kijana wa Ulaya anayejipaka uso masizi na kupiga picha msituni usiku anakopa kidogo kutoka kwenye sifa hiyo mbaya.

Sasa chukua picha hizo zote, za makanisa yanayoungua, misitu ya usiku na vifo, uzilete Beni.

Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamekuwa wakichinjwa mashambani na vijijini na wapiganaji wa kundi la waasi la ADF. Msitu wa usiku, kwa mtu wa Boikene au Rwangoma, hauhitaji kupigwa picha. Na makanisa? Tarehe 27 Juni 2021, kabla ya misa ya kipaimara, bomu lililipuka ndani ya kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili mjini Beni. Tarehe 15 Januari 2023, Jumapili, jingine lililipuka Kasindi katika kanisa la Kipentekoste la CEPAC, katikati ya ibada ya ubatizo, likaua zaidi ya watu 10. Ukishapita hayo, kijana wa Bergen aliyechoma kanisa tupu usiku wa manane ili ajulikane anaonekana mtu aliyeshiba sana.

Kwa hiyo niliianza Duma mara ya kwanza nikiwa na chuki. Majina ya vibao vyake hayakunisaidia: malaika na mashimo yasiyo na mwisho, damu ya simba, asili ya dhambi, na kimoja kilichovikwa namba 666 ya kitabu cha Ufunuo. Hiyo namba, hapa kwetu, kila mhubiri wa barabarani anayo. Kama albamu ingekuwa na hayo tu, ningeifuta kwenye simu na kuweka nyimbo za kwaya mahali pake.

Iliyonirudisha ni kazi yenyewe. Duma hawakuwa na mpiga ngoma. Ngoma zote zinatoka kwenye kompyuta, na Karugu amezikimbiza hadi pale ambapo sikio haliwezi tena kuhesabu pigo mojamoja. Linaanza kusikia mvumo, na ndani ya mvumo linatafuta pa kushika. Gitaa limepitishwa kwenye vichujio vingi mno hata huwezi kuapa kwamba ni gitaa. Juu ya hayo Khanja anaingia na sauti mbili au tatu: kuna ya chini inayounguruma, kuna ya juu inayochana, na kuna pale anapoongea karibu kawaida, na hapo ndipo ngozi inasisimka zaidi. Katika Lionsblood sauti hizo zinapokezana kwa kasi ambayo mwanadamu mmoja hapaswi kuiweza. Angels and Abysses inajengwa taratibu zaidi, na ni mahali pazuri pa kusikia jinsi Karugu anavyoacha nafasi kabla ya kuijaza. Ni watu wenye nidhamu. Wanaosema huu ni ukelele wa mtu aliyeshindwa kuimba wajaribu kufanya hivyo kwa dakika moja, wakiwa peke yao chumbani, waone kama watakuwa na sauti kesho yake.

Niliipeleka albamu kwa kijana mmoja mwenye kibanda katikati ya Butembo, mahali pa kunakilia nyimbo. Watu humletea fulashi au kadi ya simu, anawajazia. Ana kompyuta iliyopoteza herufi mbili, spika zilizofungwa kwa waya, na Jumapili ndiye anayekaa kwenye mashine ya sauti kanisani kwao. Akaipiga Lionsblood kwa sekunde kadhaa, akapunguza, akaniangalia.

“Papa, hii ni muziki ao ni grupu iko inakufa?”

Nikamwambia aendelee. Mjini hapa kila mtu anaijua sauti ya jenereta inayoishiwa mafuta, kwa hiyo swali lilikuwa la kitaalamu. Alipoufungua wimbo kwenye programu yake ya kuhariria, ambapo sauti inaonekana kama mchoro, hakukuta milima na mabonde ya nyimbo za kawaida. Alikuta ukuta. Ulianza juu, ukaenda juu, ukaishia juu. “Wamesukuma mpaka kwenye nyekundu makusudi,” akasema, na sasa hakuwa akicheka. Taa nyekundu ndiyo aliyofundishwa kuiogopa. Kwenye mashine ya kanisa ikiwaka, mchungaji anageuka kumtazama. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulifikiria: akaupunguza wimbo kasi hadi nusu. Kutoka ndani ya ukuta likatokea gitaa, na gitaa lilikuwa na wimbo wake, mfupi, unaozunguka, wa kusikitisha.

Wimbo usiopigwa na mtu yeyote peke yake, unaojitokeza tu sikio likizidiwa na mapigo, si jambo geni katika milima hii. Wanande, na ndugu zao Wakonzo walioachwa na mpaka upande wa Uganda, wana endara, marimba ya mbao nzito zinazolazwa juu ya vigogo vya mgomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Kila mmoja anashika kipande chake kidogo, tena si kigumu. Vikishaingiliana kwa kasi, msikilizaji husikia sauti ya tatu ambayo hakuna mkono unaoipiga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita na mashine yake kwenye ukingo wa msitu wa Ituri, akarekodi Wanande pamoja na Wabudu na Wambuti, na rekodi zile zinapatikana hadi leo kwa anayezitafuta. Sisemi kwamba Karugu alizisikiliza. Ninachosema ni kwamba sikio lililolelewa karibu na endara linajua la kufanya likikutana na Duma, kama likipewa muda.

Hata ukwaruzaji wenyewe tunao. Wakati Kinshasa ilipoipa dunia Konono No. 1, wazee wa likembe waliojitengenezea vikuza sauti kwa sumaku za vipuri vya magari, albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 ilisifiwa kwa mkwaruzo ambao mwanzo ulitokana na ukosefu wa vifaa. Wao walitaka tu kusikika barabarani. Na hapa Butembo, nenda kwenye mkesha wa maombi wowote, saa nane za usiku, wakati mhubiri ameshapoteza sauti na spika imeshapoteza subira: anachokitoa kooni, kama ukimwondolea Yesu, hakiko mbali na anachokitoa Khanja. Nilimwambia hivyo kijana wa kibandani. Hakupenda. Nami sitamlazimisha apende. Dayosisi ya Butembo-Beni haikujengwa ili watu wafananishe mkesha na metali nyeusi.

Afrika nyingine imeshalizoea jambo hili kuliko sisi. Botswana ina makundi ya Skinflint na Overthrust, na mashabiki wanaovaa ngozi na kofia za wachunga ng’ombe. Togo ina Arka’n Asrafokor. Hata nje ya Afrika, huko Uswisi, Manuel Gagneux, ambaye mama yake ni Mmarekani Mweusi, aliunganisha nyimbo za watumwa na metali nyeusi kwa jina la Zeal & Ardor, akapata umaarufu mwaka 2016. Afrika Mashariki ilikuja kusikika kwa nguvu ilipokuja Duma, kwa msaada wa wale Nyege Nyege ambao tamasha lao la Jinja, tangu mwaka 2015, limekuwa likiwaogopesha baadhi ya wabunge wa Uganda kuliko rushwa.

Turudi kibandani, kwa sababu kwenye kioo cha ile kompyuta kulikuwa na folda nyingine, na hiyo haikuhitaji mtu wa kuieleza. Iliandikwa Idengo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Delphin Katembo Vinywasiki. Watu walimjua kama Delcat Idengo. Alikuwa mtoto wa Beni, na aliimba kwa maneno yanayoeleweka na mama muuza mboga, mwendesha pikipiki na askari wa kizuizini. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Tarehe 6 Mei 2021 Rais Tshisekedi aliiweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Magavana na mameya wakawa maofisa wa jeshi na polisi, na raia wakaanza kushtakiwa mbele ya mahakama za kijeshi. Idengo aliimba kuhusu mauaji ambayo hayakwisha, kuhusu jeshi, kuhusu wanasiasa wanaokuja Beni kupiga picha na kuondoka. Mwaka huohuo alikamatwa, na mahakama ya kijeshi ya Beni ikamhukumu kifungo cha miaka 10. Mwanamuziki mwingine wa huku, Muyisa Nzanzu Makasi, naye alikamatwa mwaka ule kwa ajili ya nyimbo zake.

Idengo alikuja kutoka, akaimba, akakamatwa tena. Mwishoni mwa Januari 2025 alikuwa katika gereza la Munzenze mjini Goma, waasi wa M23 walipouteka mji huo na wafungwa wakavunja milango. Alikuwa huru kwa wiki mbili hivi. Tarehe 13 Februari aliuawa kwa risasi mjini Goma, akiwa anapiga picha za video ya wimbo mpya, safari hii wa kuwapinga hao waliouteka mji. Serikali ileile iliyomfunga ndiyo iliyowalaumu M23 kwa kifo chake.

Ninapoweka folda hizi mbili upande kwa upande, ya Duma na ya Idengo, kuna jambo linanikera kwenye Duma ambalo wakosoaji wa Ulaya hawakuliona kwa kuwa hawakuwa na cha kulilinganisha nacho. Khanja anapiga kelele kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, na hakuna mtu hata mmoja aliyekasirika. Hakuna waziri aliyetajwa, hakuna kijiji kilichotajwa, na hata kama vimetajwa, vimezikwa chini ya mkwaruzo. Alisafiri na kelele hizo hadi kumbi za Ulaya na akapigiwa makofi. Idengo aliimba maneno wazi juu ya midundo ambayo ungeweza kuicheza kwenye harusi, akapewa miaka 10 na kisha risasi. Muziki unaoitwa wa kutisha haukumtisha mwenye madaraka yeyote. Muziki mwepesi ulimtisha kila mwenye madaraka, wa pande zote za vita.

Kuna watakaonijibu kwamba si haki kupima albamu ya Nairobi kwa kifo cha mtu wa Beni. Kenya ya mwaka 2019 haikuwa Beni, na msanii hadaiwi kufungwa ili akubalike. Nakubali. Tena naongeza jambo la kuitetea Duma: mkwaruzo huo unabeba kitu ambacho maneno wazi hayakibebi. Baada ya mauaji makubwa Beni, redio hutangaza idadi, meya hutoa pole, wanasiasa hutoa matamko, na maneno yote yale yameshatumika mara nyingi hata yamechakaa. Idengo mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa anazidi kuwa mkali kila wimbo. Sauti inayokataa kuwa neno ina mahali pake. Niliwahi kuisikia, na si kwenye albamu, na sitaieleza hapa.

Lakini bado nafikiri Duma ya mwaka 2020 inajificha. Sehemu zake bora ni zile ambapo Khanja anashuka kutoka kwenye ukelele na kuongea, kwa kuwa hapo tunamsikia mtu. Sehemu zake dhaifu ni zile ambazo kila kitu kinakwenda juu pamoja na hakuna kinachoachwa nyuma, na katikati ya albamu kuna vibao viwili ambavyo hadi leo siwezi kuvitenganisha bila kutazama jina. Kundi lenyewe halikudumu. Wawili hao walikuja kwenda kila mtu njia yake. Na Khanja, akiwa peke yake, inaelekea aliliona tatizo hilo. Albamu yake The Adept, aliyoitoa mwaka 2024 kwa lebo yake mwenyewe, inaegemea kwenye kumbukumbu ya Mau Mau na kwenye ukoo wake: amejitaja kuwa kitukuu wa Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal msituni na ambaye alifariki mwaka 2023. Sauti ni ileile ya kukwangua. Tofauti ni kwamba sasa ina mtu inayemlilia, ana jina na ana msitu wake halisi, wa Nyandarua. Nikiombwa kuchagua moja ya kumpa kijana wa Butembo anayetaka kuanza, kwa ufundi nitampa Duma, lakini kwa maana nitampa The Adept. Kwa hasira za hapa, anayo folda ya Idengo tayari, na kila anayekuja kujaza fulashi anaiomba kwanza.

Kijana wa kibandani amekwishaanza kuchokoza. Alichukua kile kipande cha gitaa alichokipata kwa kupunguza kasi, akakiwekea chini ngoma za mashine yake, akanipigia. Ilikuwa mbaya, na nilimwambia hivyo. Aliweka mwangwi mwingi mno, kama wanavyofanya wote, na sauti aliyoirekodi juu yake, ya rafiki yake akipiga kelele, haikueleweka ilikuwa inasema nini. Nikamshauri apunguze mwangwi. Akasema mwangwi ndio unaoficha kwamba rafiki yake hajui kuimba. Tukabishana kidogo, wateja wakaingia, akaendelea na kazi.

Ushauri wa mwisho kwa anayetaka kuisikiliza Duma huku kwetu ni wa kawaida tu. Usiisikilize kwenye simu; simu inakata sauti za chini na utabaki na makwaruzo. Tafuta spika. Anza na Lionsblood, kisha Angels and Abysses, nyingine zitakuja zenyewe. Na uisikilize mchana. Beni na Butembo, usiku mtu akivamiwa, jirani hupiga sufuria na filimbi, na wa pili akisikia naye hupiga, hadi mtaa mzima unasimama. Nilijaribu albamu hii saa nne za usiku nikiwa nimefungua dirisha. Mama jirani aligonga mlango akiwa na sufuria mkononi na mwiko wake umeshanyanyuliwa, akiuliza ni nani amevamiwa, na haikunisaidia kumweleza kwamba ni Wakenya.